Sura ya Saba: Boti Inazima Kila Ukitoa Gia

Swali hili huja karibu kwa maneno yaleyale kutoka kwa wenye boti za zamani: "Injini inawaka vizuri, inakimbia vizuri, lakini nikikaribia gati na kurudisha gia nyutro, inazima. Nibadilishe karburete?" Mwenye swali mara nyingi ameshabadilisha plagi, ameshanunua koili mpya, na kuna mtu amemshauri apandishe sailensa, yaani mzunguko wa injini ikiwa haijakanyagiwa mafuta. Amepandisha. Sasa injini haizimi kila mara, ila gia inaingia kwa kishindo kinachotikisa boti nzima.

Jibu langu ni kwamba karburete iachwe kwanza. Katika boti nyingi za aina tutakayoizungumzia hapa, injini inayozima wakati wa kutoa gia haifi kwa kukosa mafuta wala kwa moto hafifu. Inazimwa makusudi na swichi ndogo, na swichi hiyo inabonyezwa na kebo iliyochoka. Injini inasingiziwa tu.

Boti ya aina gani?

Msomaji wa Mombasa au Tanga amezoea boti yenye mashine ya nje, ile inayofungwa nyuma kabisa na kung'olewa jioni ikabebwa begani. Sura hii inahusu chombo kingine, ambacho wenyewe hukiita stendraivi. Injini yake ni kubwa, mara nyingi ya petroli na ya ukoo wa injini za magari, nayo imekaa ndani ya boti, upande wa tezi. Nje, nyuma ya ubao wa tezi, umening'inia mguu wa chuma unaobeba gia na rafadha. Mguu huo hugeuka kushoto na kulia badala ya usukani wa majini, na huinuliwa boti inapofika penye maji machache.

Mpango huu uliingia sokoni mwaka 1959, Volvo Penta ilipoonyesha Aquamatic yake katika maonyesho ya boti ya New York. Mhandisi Mmarekani Jim Wynne ndiye aliyelisukuma wazo hilo. Mwaka 1961 ikafuata MerCruiser, na ndiyo iliyojaza maziwa ya Marekani. Mguu wake uitwao Alpha One, uliotoka mapema miaka ya 1980 na kufanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 1991, bado uko nyuma ya boti nyingi zinazouzwa mitumba Michigan, Minnesota na Ontario. Mswahili aliyehamia huko akanunua boti ya zamani pamoja na trela lake kwa bei ya kushangaza ana uwezekano mkubwa wa kukutana na Alpha. Kwa hiyo nitaueleza huo kwa kirefu, na mingine nitaipitia mwishoni.

Njia ya gia, kutoka mkononi hadi kwenye rafadha

Ukisukuma mkono wa gia mbele, hakuna umeme wala mafuta ya presha yanayopeleka amri hiyo nyuma. Kuna kebo mbili tu.

Ya kwanza ni kebo ya juu. Inatoka kwenye kisanduku cha mkono wa gia, inapita ubavuni mwa boti chini ya viti, na kuishia juu ya injini kwenye bamba lenye vyuma vidogo vinavyocheza. Nitaliita bamba la gia. Ya pili ni kebo ya chini. Inaanzia kwenye bamba hilohilo, inashuka nyuma ya injini, inapenya ubao wa tezi, inapita ndani ya buti ndogo ya mpira iliyo majini, kisha inafika kwenye mguu. Huko inasukuma chuma kinachozungusha fimbo iliyosimama ndani ya mguu, na fimbo hiyo ndiyo inayoingiza gia.

Aliyewahi kushughulikia waya wa klachi wa bodaboda anaijua kebo hii nusu: waya wa ndani unateleza katika ganda la nje. Nusu asiyoijua ni kwamba waya wa bodaboda huvuta tu, na springi ndiyo inayourudisha. Kebo ya boti huvuta na pia husukuma. Kwa sababu hiyo waya wake ni mnene, na kwa sababu hiyohiyo kutu kidogo ndani ya ganda, au kona iliyobanwa sana, huonekana mara moja mkononi. Kona yoyote ya kebo hizi iwe pana. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba duara la kona lisipungue sentimita 20 kutoka kitovu hadi ukingoni.

Kati ya hizo mbili, kebo ya chini ndiyo inayochakaa haraka. Ya juu inaishi pakavu. Ya chini inaishi majini, inakunjwa kila mguu unapogeuka na kila unapoinuliwa, na ganda lake huzeeka likapasuka. Maji yakishaingia, waya unashika kutu kutokea ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Katika nchi za baridi maji hayo huganda pia, ndiyo maana gia iliyokuwa nzito kidogo Agosti inaweza kukataa kabisa Novemba.

Swichi inayosingizia karburete

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

Ndani ya mguu wa Alpha, chini kabisa karibu na rafadha, kuna gia ya mbele na gia ya rivasi. Zote mbili zinazunguka muda wote injini ikiwa inafanya kazi, kila moja kwa upande wake. Katikati yake kuna pete ya chuma yenye meno, na pete hiyo ndiyo iliyoshikamana na fimbo ya rafadha. Ikisogea upande mmoja, inang'ata gia ya mbele. Ikisogea upande wa pili, inang'ata rivasi. Ikikaa katikati, ndiyo nyutro. Mafundi huuita mtindo huu klachi ya meno.

Meno yakishang'atana na injini inasukuma, hayaachiani kirahisi. Msukumo wenyewe unayabana. Waliounda mguu huu walihitaji namna ya kulegeza msukumo kwa kitambo kidogo, na wakachagua njia ya mkato: kukata moto wa plagi.

Kwenye bamba la gia kuna kipande cha chuma chenye mkato wa umbo la V, kinachoshikwa na springi. Ndani ya mkato huo kimekaa kigurudumu kidogo cha swichi. Ukivuta mkono wa gia kutoka mbele kwenda nyutro, meno yanagoma na kebo inakazana. Kukazana huko kunaishinda springi, kigurudumu kinapanda ukingo wa mkato, swichi inashika, na plagi zinakosa moto. Injini inalegea, pete inachomoka, kebo inapumua, kigurudumu kinarudi mahali pake, moto unarudi. Yote hayo huisha kabla hujatamka neno. Kwenye boti nzima utasikia injini ikikohoa mara moja tu, nayo inaendelea.

Sasa chukua kebo ya chini yenye kutu. Pete imeshachomoka, lakini kebo bado imekazana kwa sababu inakwaruza ndani ya ganda lake. Kigurudumu hakirudi, swichi inaendelea kushika, moto haurudi. Injini imezima mita tatu kutoka kwenye gati, upepo unakusukuma kwenye boti ya jirani, nawe unaanza kuilaumu karburete.

Kwa ufupi: swichi inafanya kazi iliyowekewa. Inachohisi ni uzito wa kebo, na haina njia ya kutofautisha uzito wa meno na uzito wa kutu.

Kabla ya kushika spana

Karibu vipimo vyote vya sura hii hufanywa injini ikiwa imezimwa na boti ikiwa juu ya trela. Usiiwashe nchi kavu bila maji, kwa sababu pampu ya maji ya Alpha iko ndani ya mguu na raba yake huungua haraka ikizunguka kavu. Ukilazimika kuiwasha, uvishe mguu vikombe vya mpira vyenye bomba la maji, ondoa rafadha, na kwanza washa feni ya chumba cha injini kwa dakika nne ili kutoa mvuke wa petroli. Injini hii imefungiwa ndani, haiko wazi kama mashine ya nje, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini kwenye ngama.

Utahitaji mtu wa pili, na kwa kipimo cha kwanza hata wa tatu. Klachi ya meno haiingii ikiwa meno yametazamana ncha kwa ncha, kwa hiyo kila unaposogeza mkono wa gia, mwenzako aizungushe rafadha polepole kwa mkono. Mtu akilazimisha gia bila kufanya hivyo, anapinda vyuma vya bamba kisha anatafuta ugonjwa alioutengeneza mwenyewe.

Igawe njia vipande

Kanuni ya kutafuta hitilafu hii ni kutenganisha. Njia ya gia ina vipande vitatu: kebo ya juu na kisanduku chake, kebo ya chini, na mguu. Usirekebishe chochote mpaka ujue kipande kipi ni kizito.

Kwanza, angalia bila kufungua. Mwenzako wa pili asogeze mkono wa gia, wewe tazama kigurudumu cha swichi. Kwenye kebo nzima, kigurudumu hutulia ndani ya mkato gia inapoingia, na hupanda tu gia inapotoka. Ukikiona kinapanda hata wakati wa kuingiza gia huku rafadha ikizungushwa, umeshapata nusu ya jibu.

Pili, chomoa kebo ya juu kwenye bamba. Toa kotapini, ondoa nati, iache ikining'inia. Rudi kwenye mkono wa gia uusogeze. Ukiwa bado mzito, ugonjwa uko kwenye kebo ya juu au kwenye kisanduku, ambacho huenda kinahitaji kusafishwa na kutiwa grisi tu. Ukiwa mwepesi kama hauna kazi, kebo ya juu imeondolewa lawama.

Tatu, shika chuma cha bamba kilichoungwa na kebo ya chini, ukisukume na kukivuta kwa vidole huku rafadha ikizungushwa. Lazima kiende bila kukazana. Rudia mguu ukiwa umegeuzwa kushoto kabisa, kulia kabisa, na ukiwa umeinuliwa. Kebo inayogoma upande mmoja tu imebanwa au imekunjika mahali fulani, pengine nyuma ya injini ambako mkono wa usukani unaigonga.

Nne, kama ni nzito bado, kuna watuhumiwa wawili tu: kebo yenyewe au mguu. Hapo mguu hutolewa. Uweke kwenye gia ya mbele kwanza, maana Alpha hautoki vizuri ukiwa nyutro, toa pini za mikono ya kuinulia, kisha nati sita zinazoushika. Ni mzito, kwa hiyo wawe watu wawili wenye migongo mizima. Ukishatoka, sukuma kebo peke yake. Kisha zungusha fimbo ya gia iliyo juu ya mguu, rafadha ikizungushwa. Kitakachogoma ndicho mgonjwa. Mara nyingi ni kebo. Mguu ukigoma, upeleke kwa fundi wa gia. Sura hii haitoshi.

Wapo wanaofanya mkato kwa kuchomoa nyaya za swichi. Injini haizimi tena, nao wanashangilia. Kama kipimo cha dakika moja hakina ubaya, kwa sababu kinathibitisha kwamba karburete haihusiki. Kama matengenezo ni uharibifu, kwani sasa meno yanavutwa kwa nguvu yakiwa yamebanwa, na kinachokatika kwanza ni ama kebo ama pete yenyewe. Kupandisha sailensa ni kosa la aina hiyohiyo. Injini nyingi za MerCruiser za karburete hutakiwa zizunguke kati ya mara 600 na 700 kwa dakika zikiwa kwenye gia. Ukifika 1,000 unayagonganisha meno kila unapoingiza gia, na yakishalika kona, gia itaanza kuchomoka yenyewe ukiwa kasini.

Dalili na pa kuanzia

- Inazima ukitoa gia, mkono mzito: kebo ya chini.
- Mkono mzito hata kebo ya juu ikiwa imechomolewa kwenye bamba: kebo ya juu au kisanduku.
- Gia ya mbele nzuri, rivasi haiingii au inachomoka: vipimo vya kebo kwanza, meno baadaye.
- Sauti ya kutatarika kasini na boti kupoteza mwendo: meno yamelika, au kebo haifikishi pete mwisho wa safari yake.
- Mkono mwepesi kupita kiasi na hakuna gia yoyote: kebo imekatika au imechomoka.

Kama ni maji kwenye ngama

Dalili moja naitenga kwa sababu inaweza kuzamisha boti. Ganda la kebo ya chini likipasuka upande wa nje, maji hupita katikati ya ganda na waya kama yanavyopita kwenye mrija, na kutokea ndani ya boti, kwenye ncha ya kebo karibu na bamba. Buti zote zinaweza kuwa nzima, ubao wa tezi mzima, na boti bado inaingiza maji. Boti ikiwa majini, futa ncha ya kebo ikauke, subiri, kisha iguse. Ikilowa, boti hiyo isiachwe gatini usiku kwa kutegemea pampu na betri. Buti ndogo ya kebo nayo ikaguliwe: ikunjue mikunjo yake kwa vidole, kwa maana ufa hujificha humo.

Kubadilisha

Kebo yenye kutu ndani haiponi. Kuna wanaosukuma mafuta ndani ya ganda. Kwa majuma machache huteleza, kisha hurudi palepale, na uchafu umeongezeka. Nunua kebo mpya inayolingana na namba ya mguu wako, kwani Alpha za kabla na baada ya 1991 hazifanani katika kila kitu.

Maadamu mguu umeshatoka, tazama na vingine vilivyo nyuma yake: buti kubwa inayofunika krosi, krosi zenyewe, na bearingi inayobeba fimbo ya injini kwenye ubao wa tezi. Kazi ngumu ni kuutoa mguu, na ni uvivu wa gharama kuurudisha na buti ya miaka 15 kwa sababu "bado haijapasuka".

Kebo mpya ipitishwe njia ileile ya zamani, isikazwe kwa vifungo vya plastiki, isiguse kinachosogea. Palipo na hatari ya kusuguana, ivishwe kinga ya kuzungushia.

Vipimo sasa, na mpangilio wake haubadiliki: kebo ya chini kwanza, ya juu baadaye. Kwenye kebo ya chini kuna kipande cha shaba kinachozunguka kwenye nyuzi. Kwa Alpha, kutoka katikati ya kipande hicho hadi katikati ya tundu la ncha ya kebo huwekwa inchi 6, yaani milimita 152. Kisha weka mkono wa gia nyutro. Kebo ya juu ina mchezo wake mdogo. Isukume hadi mwisho wa mchezo utie alama, ivute utie alama nyingine, uiache katikati ya alama hizo mbili. Hapo zungusha shaba yake mpaka ikae mahali pake kwenye bamba bila kuvutwa wala kusukumwa. Mtu akiuruka mchezo huu, atakuwa na gia ya mbele nzuri na rivasi ya kubahatisha.

Thibitisha injini ikiwa imezimwa. Ingiza gia ya mbele huku rafadha ikizungushwa: huenda ikatatarika upande mmoja, lakini upande wa pili lazima igome. Rudia rivasi. Nyutro izunguke bila kugusa kitu. Baada ya hapo ndipo uende majini, na huko ingiza gia kwa mkono mmoja wa haraka na thabiti, injini ikiwa kwenye sailensa. Mwenye huruma anayeiingiza polepole ndiye anayeyasaga meno.

Kama mguu wako si Alpha

Bravo, mguu mzito zaidi wa MerCruiser, na Volvo Penta 280 na 290 zina klachi ya umbo la pia sehemu ya juu ya mguu, isiyo na meno ya kung'atana. Hazihitaji swichi ya kukata moto. Injini yake ikizima ukitoa gia, nenda kwenye mafuta na moto kama ulivyotaka tangu mwanzo. Kebo nzito huko huleta gia inayoteleza au isiyoshika vizuri.

OMC ni habari mbili. Stringer za zamani ziliingiza gia kwa umeme, hivyo badala ya kebo unatafuta waya uliokatika na koili iliyoungua ndani ya mguu. Cobra, ya 1986 hadi 1993, ina klachi ya meno na swichi zake, na ni nyepesi kukasirika vipimo vya kebo vikipotoka kidogo. Fuata kitabu chake, si namba nilizotoa hapo juu.

Ikikugomea katikati ya ziwa

Kebo ya juu ikikatika unaweza kurudi. Zima injini. Fungua kifuniko, chomoa kebo ya juu kwenye bamba, usukume chuma cha kebo ya chini kwa mkono hadi gia ya mbele ishike. Boti ikiyumbishwa kidogo na mawimbi meno hupata nafasi yake. Upande upi ni mbele, jifunze ukiwa bado nyumbani, utie alama ya rangi. Halafu kumbuka kwamba kinga ya kutowasha injini ikiwa kwenye gia iko kwenye kisanduku cha mkono, na kisanduku kinadhani ni nyutro. Injini itawaka na boti itaondoka hapohapo, kwa hiyo kila mtu awe ameketi na asiwepo yeyote majini. Nenda kwa sailensa, bila rivasi na bila breki. Izime mapema kabla ya gati, na mwenzako awe omo tayari na kamba na kasia.